Adabu ya Kuunga Waya

Corolla za kizazi kilichoanza kutoka kiwandani mwaka 1995 bado zimejaa Dar es Salaam. Rangi imepauka kwa jua na chumvi ya bahari, bushi na shokapu zimeshabadilishwa mara zisizohesabika, namba ya usajili imechorwa kwenye kila kioo na kila taa ili mwizi akose soko. Lakini ndani ya milango ya nyingi kati ya hizo mna kitu ambacho wenyewe hawakipi heshima yake: loki za umeme zinazofanya kazi. Dereva akibonyeza swichi iliyoko mlangoni kwake, milango yote inajifunga kwa mpigo mmoja. Gari linajua kujifunga tangu siku lilipotoka Japani. Lilichokosa ni sikio la kumsikia mtu aliyesimama nje.

Kulipatia gari sikio hilo ni kazi ya kawaida kabisa kwenye vibanda vya mafundi umeme wa magari Gerezani na Ilala. Wengi huiona kazi ndogo, ya urembo, sawa na kubandika stika. Mimi naiheshimu sana. Sijui kazi nyingine ya ufundi inayoonyesha wazi namna hii tofauti kati ya mtu anayeongeza kitu na mtu anayeharibu kitu huku akidhani anaongeza.

Kwa mwenye vidole vizima, rimoti ni anasa. Kwa mama yangu si anasa. Ana baridi yabisi, na asubuhi viungo vya vidole vyake huamka vimevimba na kukaza. Kuzungusha ufunguo kwenye kitasa kilicholika kunataka kubana kwa kidole gumba na cha shahada, kisha kuzungusha kifundo cha mkono, na hayo mawili ndiyo hasa yanayomuuma. Nimemwona nje ya soko la Kisutu, mvua ya masika inamwagika, kikapu kiko chini kwenye maji, mkono wa kushoto umeushika wa kulia ili kuusaidia. Kuendesha anaendesha vizuri kuliko mimi. Gia ni za otomatiki, usukani mwepesi. Kilichokuwa kinamshinda ni mlango tu. Watu walipomshauri auze gari anunue jipya alijibu kwamba hili wanajuana, nami sikuona sababu ya kumtenganisha nalo kwa ajili ya kitu ambacho zaidi ya nusu yake kilikuwa tayari kimo ndani.

Dunia yenyewe ilichelewa kuifikia rimoti. Renault Fuego ya mwaka 1982 ndiyo inayotajwa kuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa na rimoti ya milango, kwa ubunifu wa mhandisi Paul Lipschutz. Rimoti ile ilituma mwanga wa infraredi, hivyo ilibidi mtu alenge kipokezi kama anavyolenga televisheni. Baadaye mawimbi ya redio yakachukua nafasi, Japani ikitumia masafa ya karibu megahezi 315 na Ulaya 433.92, na haja ya kulenga ikaisha. Hata hivyo kwa miaka mingi watengenezaji waliendelea kuuza magari ya bei ya wastani yenye mota za loki bila rimoti. Hayo ndiyo yaliyotufikia sisi kwa meli.

Fundi niliyempelekea gari la mama ni mtu mzima asiye na haraka. Kabla hajafungua chochote alimwamkia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Usilikatekate gari langu.”

“Hatukati, mama. Tunaliuliza tu.”

Kuliuliza kwake kulianzia mguuni mwa dereva, pale pembeni ya dashibodi panapofunikwa na kipande cha plastiki. Hapo ndipo nyaya za mlango zinapoingia kwenye bodi, zikipitia ndani ya bomba la mpira lenye mikunjo. Alikivuta kile kipande polepole, vibanio vikatoka vizima. Akamwomba mama akae kwenye kiti na abonyeze swichi ya loki kila atakapoambiwa. Testa ya taa aliiacha kwenye boksi, akachukua mita. Taa, alieleza, inavuta umeme wa kutosha kuamsha kitu usichokikusudia. Mkia mweusi wa mita akaubana kwenye chuma cha bodi, ncha nyekundu akaitembeza kwenye soketi, waya baada ya waya, akiichomeka kwa nyuma pale waya unapoingilia, bila kutoboa ganda lake. Alipofika kwenye soketi ya rangi ya manjano aliiruka bila kuigusa. Ile ni ya mifuko ya hewa, na mfuko wa hewa haujaribiwi.

“Funga, mama.” Hakuna kitu. “Funga.” Hakuna. Akahamia waya mwembamba uliokuwa unasoma volti 12 na ushei. “Funga.” Namba ikaanguka hadi sifuri. “Achia.” Ikapanda. “Funga tena.” Ikaanguka. Hakushangilia. Aliufungia kipande cha tepu nyeupe, akauendea wa kufungua.

Nilichokiona pale kwenye kioo cha mita ndicho kiini cha kazi nzima. Katika Toyota nyingi za umri ule swichi ya mlangoni haipeleki umeme kwenye mota. Inaugusisha tu waya mwembamba na bodi, yaani na upande hasi wa betri, kwa muda ule kidole kimebonyeza. Waya huo unakwenda kwenye rilei iliyojificha nyuma ya dashibodi, na rilei ndiyo inayobeba mzigo mzito wa kuzisukuma mota. Ukishazipata hizo nyaya mbili, wa kufunga na wa kufungua, kijisanduku cha rimoti hakina jipya la kulifundisha gari. Kitaugusisha waya uleule na bodi kwa muda wa kama nusu sekunde, nalo litatii kama linavyotii kidole. Mota ni zilezile, rilei ni ileile, na swichi ya zamani inaendelea kufanya kazi kama jana.

Fundi asiye na adabu hafiki hapo, maana hana subira ya kuuliza. Ananunua mota nne mpya zinazouzwa pamoja na rimoti kwenye boksi moja, anatoboa milango, anapitisha nyaya zake sambamba na za kiwandani, na kumwacha mwenye gari na mifumo miwili inayogombania mlango mmoja. Nimekutana na magari ya namna hiyo. Unabonyeza swichi ya zamani, mlango unasita, mota moja inasukuma na nyingine inauzuia. Baada ya miezi kadhaa meno ya plastiki ndani ya mota yanalika, kisha mwenye gari anaambiwa kwamba “gari limezeeka”.

Hii haimaanishi kwamba magari yote yanaulizwa kwa njia moja. Yapo ambayo waya wa swichi unataka chanya badala ya hasi. Yapo yasiyo na rilei kabisa: swichi yenyewe inabeba umeme wa mota na kuugeuza mwelekeo, na zikiwa zimetulia nyaya zote mbili zinalala kwenye bodi. Hapo kuunga juu juu haiwezekani. Lazima waya ukatwe kweli na rilei mbili ziwekwe katikati, na miguu yake, ile yenye namba 30, 85, 86, 87 na 87a zilizotoka kwenye kiwango cha Kijerumani DIN 72552, iungwe kwa namna ambayo rilei ikiwa imelala umeme wa swichi unapita kama ulivyopita zamani. Mercedes nyingi za zamani hazina mota mlangoni. Zinafunga kwa pampu ya hewa, na rimoti inabidi ibonyeze kwa sekunde tatu na zaidi ili hewa ifike. Anayezipa zote nusu sekunde ataondoka akisema rimoti ni mbovu.

Kisha kuna lile linalowashangaza wengi: kwenye magari kadhaa ya zamani mlango wa dereva hauna mota. Aliyeyabuni aliwaza kwamba dereva ana mkono na ana ufunguo, akampa kitasa chenye swichi tu ya kuiamrisha milango mingine. Ukiunga rimoti hapo, milango mitatu inatii na ule unaoguswa kuliko yote unabaki wazi. Mota moja ya kuongeza ni halali kwenye gari kama hilo, mradi fimbo yake ivute sambamba na fimbo ya kitasa. Ikikaa mshazari inanguruma na mlango haufungi.

Kuongeza mota kunamaanisha kutoa kava ya mlango, na ukiitoa unakutana na shuka la plastiki lililobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Kwa jicho la haraka ni uchafu uliosahaulika, na vijana wengi wa gereji hulichana na kulitupa. Lile shuka lina kazi. Maji ya mvua hupenya kila siku pembeni mwa kioo na kuteremka ndani ya mlango. Shuka huyazuia yasije upande wa abiria, yakashukia kwenye matundu ya chini na kutoka. Likishatupwa, masika ya kwanza zulia linalowa, ya pili linanuka, na mwenye gari anahangaika kutafuta tundu kwenye paa. Ukitaka kujua fundi ni wa aina gani, mwangalie anavyolibandua shuka la mlango.

Viungo vyenyewe navyo vina maadili yao. Waya unaosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu unaonekana sawa siku ile. Gari likikaa juani Kariakoo mchana kutwa, gundi inalainika, tepu inafunguka, shaba inabaki uchi karibu na chuma. Fundi wetu alimenya ganda kidogo tu bila kukata shaba ya zamani, akauzungushia waya mpya, akachomea kwa risasi, akafunika vizuri. Umeme wa kijisanduku aliupitisha kwenye fyuzi iliyokaa karibu kabisa na pale alipouchukua. Fyuzi ikikaa mbali, urefu wote wa waya uliotangulia hauna mlinzi, na moto wa gari huanza kwa sentimita chache za namna hiyo.

Boksi la rimoti yetu lilikuwa na kifaa kingine, rilei ya kukata injini, inayouzwa kama zawadi juu ya rimoti. Jirani yetu aliwahi kufungiwa. Waya wa pampu ya mafuta ulikatwa, ukapitishwa kwenye rilei hafifu, viungo vikafungwa tepu tu. Gari lilimzimikia Barabara ya Morogoro, lori nyuma yake, watoto ndani. Walipona. Fundi mwingine alipofungua alikuta kiungo kimeungua na plastiki imeyeyuka. Tangu siku hiyo naona ni dhambi kukata waya unaolifanya gari litembee kwa ajili ya kifaa cha kufungia milango, na fundi alipouliza kama tunataka na hiyo, nilijibu hapana kabla mama hajafungua mdomo.

Lakini rimoti yenyewe inaaminika? Hapa ndipo wanunuzi wanapopaswa kusimama zaidi, na ndipo wanapopita haraka zaidi, kwa kuwa kinachonunuliwa hakionekani kwa macho. Rimoti nyingi za bei ya chini hutuma namba moja isiyobadilika. Chipu ya EV1527, maarufu sana kwenye vifaa hivyo, hubeba namba moja kati ya 1,048,576. Ni nyingi za kutosha kuzuia jirani asifungue gari lako kwa bahati mbaya. Hazimzuii hata kidogo mtu aliyekaa mita chache kutoka kwako akairekodi namba hiyo hewani na kuirusha tena umeshaondoka. Rimoti bora hubadilisha namba kila inapobonyezwa, gari nalo likijua ipi inafuata.

Moja ya njia mashuhuri za kuibadilisha namba hiyo ilizaliwa Afrika, jambo ambalo natamani kila muuza spea wa Kariakoo alijue. Inaitwa KeeLoq. Ilibuniwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980 na Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria, ikatiwa ndani ya chipu na Willem Smit katika kampuni ya Nanoteq, kisha mwaka 1995 ikauzwa kwa Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10. Kutoka hapo ikasambaa duniani kwenye rimoti za magari na za mageti. Ndani yake mna ufunguo wa biti 64 na mizunguko 528 ya kuvuruga namba kabla haijatoka hewani. Imezeeka sasa: mwaka 2008 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuichota siri yake kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu. Bado inaizidi kwa mbali namba isiyobadilika.

Utaratibu huo huo wa kubadilisha namba ndio unaoeleza kwa nini rimoti hukataa ghafla baada ya mjukuu kuichezea sebuleni. Kila akibonyeza, rimoti inasonga mbele na gari limebaki nyuma. Kwa kawaida ya KeeLoq, rimoti ikiwa imetangulia kwa hatua zisizozidi 16, gari linaisamehe na kufungua palepale. Ikizidi hapo linataka kubonyezwa mara mbili mfululizo ndipo likubali. Watu wengi wamelipa fundi kwa tatizo linaloisha kwa kubonyeza tena.

Hata namba inayobadilika ina adui wake. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa kidogo kinachoziba mawimbi ili gari lisisikie, huku kikiirekodi namba. Mwenye gari akibonyeza mara ya pili, kifaa kinairekodi na hiyo, kinairusha ya kwanza, mlango unafunguka, na ya pili inabaki akiba mkononi mwa mwizi. Wezi wengine hawahitaji hata ujuzi huo. Katika maegesho ya Afrika Kusini wezi wamezoea kuziba mawimbi tu wakati mtu anabonyeza akiwa anatembea bila kugeuka. Gari halisikii, linabaki wazi, nao wanachukua kilichomo. Kinga yake haina gharama: kugeuka na kuvuta mpini wa mlango. Nilimwomba mama afanye hivyo kila mara, naye anafanya. Kuvuta mpini hakuhitaji vidole vya kubana. Anauvuta kwa kiganja.

King'ora hatukufunga. Dar es Salaam imeshiba ving'ora. Lori likipita, radi ikipiga, paka akiruka juu ya boneti, mtaa mzima unalia na hakuna anayechungulia dirishani. Kuliambia gari lipige kelele kila linapofungwa usiku ni kumnyang'anya jirani usingizi kwa taarifa isiyomhusu. Fundi aliunga waya wa taa za pembeni badala yake: zikiwaka mara moja limefungwa, mara mbili limefunguliwa. Mama anaziona, anatosheka.

Kuna deni dogo ambalo rimoti hulitoza hata gari likiwa limelala, kwani kijisanduku kinasikiliza muda wote. Kikivuta miliampea 20, kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa moja, na kwa mwezi zinafika 14 na ushei. Betri ya NS60 yenye ampea-saa 45 inakuwa imepoteza kama theluthi bila gari kuwashwa. Kwa gari linalotembea kila wiki si kitu. Anayesafiri mwezi mzima na aondoe fyuzi ya rimoti, au atakuta mlango usiojibu.

Siku hiyo atauhitaji ufunguo. Usiache mbachao kwa msala upitao, na sijaona mahali methali hii inapodharauliwa kama kwenye vitasa vya magari yenye rimoti. Watu huacha kabisa kutumia ufunguo. Vumbi na chumvi vinajaa ndani ya silinda ya kitasa, pini zake zinaganda, kisha betri inakufa na gari linageuka sanduku la chuma lisilofunguka. Nikienda kwa mama nafungua kwa ufunguo makusudi, na mara chache natia unga wa grafiti. Mafuta mazito siyapendi kwenye kitasa, yanakusanya vumbi.

Fundi alipomaliza nilimwomba kitu ambacho kilimshangaza kidogo: aandike alichofanya. Alichukua kipande cha boksi la rimoti, akachora. Waya wa kufunga, rangi yake na soketi yake. Waya wa kufungua. Umeme umechukuliwa wapi, fyuzi iko upande gani na ni ya ampea ngapi. Taa za pembeni. Kipande hicho kimo kwenye kidroo cha dashibodi, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya bima. Fundi wa redio aliyekuja baadaye alikisoma kwanza ndipo akashika bisibisi, na hakukata kitu.

Ndani ya boksi lile mlikuwa na karatasi ya mchoro, Kiingereza kidogo cha herufi ndogo kama sisimizi, na nimeziona karatasi kama hizo zimetupwa chini kwenye kila kibanda. Wanaoagiza mizigo hii wana uwezo wa kuchapa mchoro uleule kwa Kiswahili, wenye aina zote za kuunga, hasi, chanya na ile ya kugeuza mwelekeo, na onyo la soketi ya manjano juu kabisa. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha umeme wa magari. Walimu wake wanaweza kuukagua mchoro huo asubuhi moja. Fundi aliyekaa kwenye benchi Ilala anajua kusoma. Apewe cha kusoma.